Mkono Kwenye Ukuta wa Ngazi

Editha mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujamaliza viazi vyake na kusikiliza habari za kila mtu aliyewahi kuibiwa begi akiwa njiani kwenda Mbeya. Kwa hiyo nina muda. Ni alasiri, nimekaa kwenye meza uliyofanyia hesabu zako za shule, na nimeshaandika mstari wa kwanza mara tatu na kuukata mara tatu. Mimi ni fundi mwashi. Kalamu yangu imezoea kuweka alama ukutani, halafu alama yenyewe inafunikwa na plasta na hakuna anayeiona.

Mambo ya sweta, ya chakula cha njiani na ya kutosinzia basi likisimama Makambako, shangazi yako atakuwa ameyamaliza. Sirudii. Umekuwa ukijifulia, ukijipikia na kunipikia mimi tangu ukiwa darasa la tano; mtu wa namna hiyo hafundishwi kukunja nguo.

Ninalotaka kukuambia ni moja, nalo linahusu ule mkono uliobonyezwa kwenye tofali la ukuta wa ngazi, katika nyumba ya zamani ya mapadri. Nataka ulijue kabla hujaripoti kazini Ijumaa, kwa sababu najua utausimulia. Ulishausimulia kwenye usaili. Ulirudi unacheka, ukaniambia wale watu watatu waliokuhoji waliacha kuandika wakakusikiliza, na mzee mmoja akavua miwani kabisa. Nikakupongeza. Halafu nikatoka kwenda kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Hadithi uliyowasimulia si ya kweli, Edi. Na aliyeifanya isiwe ya kweli ni mimi.

Nianze mwanzo. Mwaka ule kabla hujazaliwa, paroko mpya alikuja na wazo kwamba nyumba ya mapadri isiwe tena ghala la viti vibovu. Alitaka iwe inafunguliwa Jumamosi moja kila mwaka, mwezi wa nane watu wakishavuna, kila anayetaka aingie aone. Wazee walishangaa. Nyumba ile ilijengwa na babu zao na bibi zao. Walifyatua matofali wao, wakayachoma wao, wakayapandisha mlimani kutoka bondeni kwa vichwa vyao, halafu mlango ukafungwa na wao wakabaki nje. Waliokuwa wanapanda zile ngazi ni mapadri na mtu wa kufagia. Basi, wazo la milango wazi liliwafurahisha sana, na parokia ikatafuta fundi wa kuiweka sawa nyumba. Nikapewa mimi.

Nilikuwa kijana na nilijiona najua. Ukuta wa ngazini ulikuwa umechakaa, plasta yake ya udongo na chokaa inabanduka ukiigusa. Mzee mmoja aliyekuwa fundi zamani alikuja akatazama, akaniambia, "We mwana, nyumba hii usiipake simenti. Itaumwa." Nikamwitikia kwa heshima, na alipoondoka nikachanganya saruji. Ilikuwa inapendeza, imenyooka, kijivu safi. Nikaipaka ukuta wote mpaka kwenye kingo za tofali lenye alama ya mkono. Lile tofali nililiacha wazi katikati, nikalizungushia saruji vizuri kabisa, nikajipongeza.

Mkono wenyewe wakati huo ulikuwa wa kweli. Mwanamke mmoja wa hapa kijijini aliubonyeza kwenye tofali bichi siku za ujenzi, na kwa nini aliubonyeza hakuna anayejua. Labda alichoka. Labda alitaka kitu chake kibaki humo ndani. Aliyeujua vizuri hapa kijijini ni mjukuu wake, Bibi Sekalinga, yule unayemjua wewe, kwa sababu enzi za usichana wake alifagia nyumba ile miaka mingi.

Masika yakaja. Maji yanapanda kwenye ukuta wa tofali kutoka chini, na ukuta wa udongo na chokaa unayatoa taratibu kwenda nje. Saruji haiyatoi. Inayafungia ndani. Mvua ilipokwisha, plasta yangu ilikuwa imevimba malengelenge kuanzia ngazi ya kwanza mpaka juu, na ilibaki miezi michache watu waje. Nikasema nitaibandua haraka kabla paroko hajaona. Nikachukua patasi na nyundo. Sasa saruji ikishashika tofali la zamani hailiachii. Inatoka na uso wa tofali. Nilikuwa nimefika kwenye zile kingo nilizozichonga vizuri, nikagonga kwa hasira, na kipande chote kikatoka na mkono juu yake. Kikaanguka kwenye ngazi. Nilivihesabu vipande, vilikuwa sita.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda kwa paroko, kisha kwa Bibi Sekalinga, niseme nimevunja. Hiyo nyingine ndiyo niliyoifuata.

Nilivitia vipande ndani ya kiroba nikavipeleka nyumbani. Nikapima tundu lililobaki ukutani. Matofali yale ya zamani ni makubwa kuliko yetu, kwa hiyo nikatengeneza kalibu yake peke yake, nikaifanya kubwa zaidi ya tundu kwa upana wa kidole, kwa sababu udongo ukikauka unapungua na ukichomwa unapungua tena. Nikashuka bondeni palepale walipochimba wao. Udongo ukakubali. Kilichobaki kilikuwa mkono.

Mama yako alikuwa amerudi kutoka Ilula, amechoka, ameuza nyanya barabarani tangu asubuhi na wewe uko tumboni miezi saba. Nikamweleza.

"Fundi," akasema, maana hakuwahi kuniita jina, "kwa hiyo mi ndo niwe marehemu?"

"Mkono tu."

"Mkono wa nani sasa? Wa yule bibi wa watu?"

"Luzia, watu wanakuja mwezi wa nane."

Akacheka. Mama yako alikuwa anacheka kwanza, halafu ndipo anakataa au anakubali. Akanawa, akapiga magoti kwa shida kwa sababu yako, akaweka kiganja chake juu ya udongo na mimi nikaukandamiza kwa juu. Ulipotoka ulikuwa mkono mzuri. Kidole cha mwisho kilijitenga upande, kwa sababu alikivunja utotoni kikaunga vibaya. Nikataka kukirekebisha kwa kijiti. Akanizuia.

"Kiache. Hicho ndo changu."

Wakati ananyanyuka akanishika bega, akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo bila kulitimiza. "Hao wengine shauri yako, wadanganye ukitaka. Ila huyu wa tumboni atakuja kuuona. Huyu umwambie."

Nikasema ndiyo. Nilichoma lile tofali katikati ya tanuru pamoja na matofali ya nyumba hii unayolala. Likatoka jekundu, nikalisugua kwa majivu na mafuta ya taa mpaka likazeeka. Nikalipachika kwa udongo na chokaa, safari hii bila saruji. Mwezi wa nane watu wakaja, wakapanda, wakashangilia. Akina mama walipiga vigelegele ngazini mpaka nyumba ikaitikia. Kila mmoja aliweka kiganja chake juu ya kile, na nilisimama chini karibu na mlango nikiwa na funguo mkononi, kwa sababu walikuwa wamenifanya mtunzaji wa nyumba.

Ulizaliwa mwezi wa tisa. Mama yako alifariki ukiwa na miaka minne, homa ya mapafu, siku tisa. Hayo unayajua, na sina la kuongeza.

Sasa ngoja nikueleze jinsi mtu anavyoshindwa kusema jambo dogo kwa miaka ishirini na mbili, maana si kwamba niliamua siku moja kutokusema. Ulipokuwa na miaka mitano niliona ungekwenda kulitangaza shuleni. Ulipokuwa na saba ulikuwa ndiyo kwanza umeacha kumuuliza mama yako yuko wapi, nikaogopa kukurudisha huko. Ulipokuwa na tisa kamati ya parokia iliweka kibao ngazini, chenye maandishi meupe, kinachosema mkono ule ni wa mwanamke aliyejenga nyumba hii. Nilikipigilia misumari mwenyewe. Baada ya kibao kila mwaka ukawa mgumu kuliko uliopita, na mimi nikawa nazidi kuwa mtu wa kuheshimika. Watu walikuwa wanasema, mwulizeni fundi, fundi anaijua nyumba ile tofali kwa tofali. Hilo lilikuwa kweli kuliko walivyojua.

Halafu ukafika miaka kumi na minne na kamati ikakuchagua kuwa kiongozi wa wageni. Nakukumbuka na sketi ya kwaya na daftari ambalo hukulihitaji. Ulisimama ngazi ya tano, ukanyoosha mkono ukutani, ukaanza: "Wageni wetu wapendwa, huyu mama hatulijui jina lake, ila mkono wake tunao." Uliwaambia kidole kile cha mwisho kimejitenga kwa sababu ya uzito wa matofali aliyoyabeba. Hiyo uliitunga wewe, hakuna aliyekufundisha. Mwalimu mstaafu aliyekuwa pale mwaka uliofuata akasema hapana, kimejitenga kwa sababu alikuwa anaaga. Mkabishana mbele ya wageni, kila mmoja na ushahidi wake. Nami nilikuwa chini nimeshika funguo, namjua mtoto wa miaka sita aliyekibana kidole kile kwenye mlango wa mashine ya kusaga.

Siku ile ya kwanza, wageni walipotoka, uliweka mkono wako pale. Ukaniita kwa sauti. "Baba, njoo uone! Unaingia wote! Kama wangu!"

Nilipanda ngazi nne. Sikupanda ya tano. Nilikuambia vizuri, hongera, nikashuka, nikachukua ngazi ya mbao nikaenda kurekebisha mfereji wa bati ambao haukuwa umeharibika. Nililia juu ya bati, Edi. Nasema hivyo ili usifikiri nilikuwa mtu wa mawe. Nilikuwa mwoga, na mwoga analia vizuri tu.

Mwaka huu, ulipopata kazi Mbeya, niliona muda umekwisha. Kazi yenyewe ni ya kupitisha watu kwenye majengo ya kale siku yanapofunguliwa, na kwenda mpaka huko njia ya Makongolosi kuandika habari za nyumba za wachimba dhahabu kabla hazijaanguka. Yaani umechukua ngazi ya tano ukaifanya maisha yako. Na kando ya ngazi hiyo kuna tofali nililodanganyia mimi. Nikasema, nianze na yule niliyemkosea kwanza.

Mwezi wa tano nilikitoa kile kiroba nyuma ya mapipa ya chokaa nikakipeleka kwa Bibi Sekalinga. Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Macho yake yamepungua, lakini anajua mtu kwa mwendo.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, bibi."

"Umeleta nini? Kinalia kama vigae."

Nikamwambia. Nilisimama wima nikasema yote, kuanzia yule mzee aliyenionya mpaka tanuru. Nilipomaliza akamwaga maharage kwenye bakuli, akanisogezea ungo mtupu.

"Vimwage hapa."

Nikavimwaga. Akaanza kuvipanga kwa vidole, polepole, anavigusa kingo kwa kingo. Vilikaa. Miaka ishirini na mbili sikuwahi kuvipanga hata mara moja. Nilivitia kirobani kama vilivyoanguka nikafunga kamba.

"Haya angalia," akasema. "Kidole gumba kiko wapi?"

Nikaangalia. Kilikuwa upande wa kulia.

"Mkono wa kushoto," akasema Bibi. "Bibi yangu alikuwa mtu wa kushoto. Alikula kushoto, alifyatua tofali kushoto, na kwao alichapwa sana kwa hilo. We ukaleta wa kulia."

Edi, mimi nilipita mbele ya mkono ule siku nyingi. Niliufuta vumbi. Nilipima tofali lake urefu, upana na kina, na vipimo vyake nakumbuka mpaka leo. Kwamba ni mkono wa kushoto sikuwahi kuona. Katika mambo yote niliyoyakosea kwenye nyumba ile, ukiniuliza linaloniuma ni lipi, si saruji wala si nyundo. Ni hilo.

Nikamwuliza, "Bibi, kumbe ulijua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza ya milango wazi. Nilipanda na wenzangu, nikaweka mkono, nikasema, eh."

"Na hukusema."

"Ningesema wangekufukuza, na mkeo yuko hivi." Akaonyesha tumbo kwa mikono. "Nikasema ngoja azae. Akazaa, nikasema ngoja mtoto aachishwe ziwa. Halafu Luzia naye akatutoka. Nikasema basi, huyu mwanaume atasema mwenyewe. Kila mwaka napanda zile ngazi, magoti yanauma, najiambia mwaka huu atasema. We uko pale chini na mafunguo yako."

Nilikaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Nikamwuliza swali ambalo wewe uliniuliza ukiwa mdogo. Uliniuliza Bibi Sekalinga ananong'ona nini pale ukutani kila mwaka, akiwa ameegemeza paji la uso, na nilikujibu anamsalimia bibi yake. Nilikujibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri, na Bibi nikamwambia hivyohivyo.

"Bibi yangu gani?" akasema. "Bibi yangu ulikuwa naye wewe kwenye kiroba. Nani kijiji hiki hakijui kidole cha Luzia? Si ndo alikuwa ananipimia nyanya? Nilikuwa namsalimia yeye. Namwambia, Kamwene, Luzia, mtoto anakua."

Nimeandika maneno yake yalivyo.

Tulikubaliana mambo mawili, na mambo haya mawili ni ahadi. Jumamosi hii, watu wakishajaa, nitapanda mpaka ngazi ya tano niseme mbele ya wote, Bibi akiwa amekaa kwenye kiti karibu yangu. Na vipande sita vitarudi kwenye nyumba ile. Nimekwisha kuviunganisha kwa chokaa, kazi ya wiki tatu, nimevitengenezea sanduku dogo lenye kioo. Vitakaa kwenye dirisha la ngazini, mkono wa kushoto, na jina la mwenyewe tunalo sasa, maana jina Bibi Sekalinga alikuwa nalo siku zote, na hakuna aliyemwuliza. Wewe uliwaambia wageni hatulijui. Hukukosea peke yako. Kamati nzima ilikaa vikao na kutafuta kwenye makaratasi ya parokia, na mjukuu wake anakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani.

Usidhani sijaona kwamba nimechagua mwaka ambao haupo. Nimeona. Ningeweza kungoja mwakani upate ruhusa uje, lakini magoti ya Bibi hayangoji, na mimi nikipewa mwaka mmoja nitautumia vibaya kama ile mingine. Huenda kamati itaninyang'anya funguo. Wana haki. Huenda na wale watatu wa usaili watasikia, wakuite wakuulize. Ndiyo maana naandika leo, ili siku hiyo usiwe unasikia kwao kwanza. Ukiulizwa, sema ulivyoambiwa, na aliyekuambia hivyo ni baba yako, na alijua. Usinifiche. Nimefichwa na mama yako, nimefichwa na Bibi, inatosha.

Kuhusu kazi yako sina mengi, kwa sababu wewe umesoma. Nina haya tu niliyoyalipia. Ukifika kwenye nyumba ya kale na mtu wa pale akakuambia usipake kitu, usimwitikie kwa adabu halafu ukapaka. Ukisimama mbele ya wageni na hujui, sema hujui. Mzee mzima alivua miwani kwa ajili ya kidole kilichobanwa na mlango, kwa hiyo kupendeza kwa hadithi hakutakuambia kitu. Na kabla hujafungua daftari, tafuta aliyekuwa anafagia. Aliyefagia alikuwa anainama, na ukuta aliuona kwa karibu.

Nilidhani nitajisikia mwepesi nikifika hapa. Sijisikii. Najisikia kama siku ile nilipoangusha, isipokuwa safari hii sijaokota nikaficha. Tena nimeanza kukukumbuka, na bado hujaondoka, uko nyumba ya sita kutoka hapa unakula viazi. Nyumba hii haijawahi kukaa bila wewe tangu tanuru lile lizimwe. Nitazoea, au sitazoea. Vyovyote, nenda.

Nimekuwekea barua hii ndani ya begi, juu kabisa, uione leo usiku ukimalizia kupanga nguo, na juu ya barua nimeweka ufunguo mkubwa. Unaujua ni wa mlango gani. Basi lako linapita Ilula saa tatu, na bodaboda itapita mbele ya nyumba ile kabla ya saa mbili. Mwambie dereva angoje. Mimi sitakuwepo, nitakuwa nimekuaga hapa mlangoni kama mtu wa kawaida na kukuuliza kama umebeba maji. Panda peke yako mpaka ngazi ya tano. Ufunguo umwachie mpishi wa parokia ukitoka.

Weka mkono wako pale. Ulipokuwa na miaka kumi na minne uliingia sawasawa. Kesho utauona wako umezidi, vidole vyako vitapita vyake kwa karibu nusu ya ukucha. Usije ukaondoka na wazo kwamba mama yako alikuwa na mkono mdogo. Nilikuambia udongo unapungua ukikauka na ukichomwa unapungua tena. Tofali nililipigia hesabu nikaliongezea kwenye kalibu. Mkono sikuuongezea kitu, uliwekwa jinsi ulivyo. Wakati anauweka, ulikuwa sawa na wa kwako wa sasa. Nimekutazama leo asubuhi ukikanda unga, nikapima kwa macho, na kwa vipimo huwa sikosei.

Msalimie. Mwambie nimekuambia.

Baba yako.